Mlango Uliopimwa kwa Kichwa cha Diana

Fundi Pastory alimkaribisha Leonida nyumbani kwa Leonida mwenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Leonida alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Kagunga kununua dagaa. Ziwa lilikuwa limechafuka, wenye boti wamekataa kuondoka, na safari ya siku chache ikageuka kuwa ya wiki nzima. Miguu ilikuwa imemvimba, kitenge kinanuka samaki, na hamu yake yote ilikuwa ni maji ya kuoga na mahali pa kulaza mgongo. Alipofika Buzebazeba akakuta mbele ya nyumba lundo la udongo na vipande vya matofali, na mwanamume mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu anachanganya saruji na mchanga. Mwanamume akanyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo mama. Karibu. Kama ni dagaa wa kuuza, mama wa nyumba yupo uani anatwanga. Nikuitie?"

"Mama wa nyumba gani?" Leonida akauliza.

"Si hii hapa!" fundi akasema kwa uchangamfu wa mtu asiyejua anakanyaga wapi. Akapaza sauti: "Mama! Una mgeni huku!"

Na aliyetoka uani, mrefu, mchi mkononi, jasho likimmetameta shingoni, alikuwa Diana.

Mambo yangekuwa mepesi kama Diana angekuwa mwanamke mbaya. Hakuwa. Alipomwona Leonida aliuacha mchi ukaanguka, akaja mbio, akampokea mzigo kwa mikono miwili na kupiga goti. "Mama Edson! Karibu mama, pole na ziwa. Nilikuwa na wasiwasi mno." Fundi Pastory akabaki mdomo wazi, anamtazama huyu, anamtazama yule, na saruji yake inakauka chini.

Inafaa kueleza Diana alitokea wapi, maana asiyejua atadhani aliletwa na Herman, mume wa Leonida. Aliyemleta ni Leonida mwenyewe. Mwaka uliotangulia, ule wa tisini na sita, Warundi walipokuwa wanateremka milimani na kumiminika Kagunga, Leonida alimkuta ameketi ufukweni peke yake, amelowa, hana hata kifurushi. Yeye na mumewe walikuwa wamepoteana njiani. Kulikuwa na mtoto pia, na habari za mtoto Leonida hakuuliza mara ya pili. Akamwambia, panda boti twende, kwangu uani kuna kibanda. Majirani wakamsifu sana. Na yeye, tusimfiche, alizipenda sifa hizo. Sokoni alikuwa anasema "mkimbizi wangu" kama mtu anavyosema mbuzi wangu.

Sasa mkimbizi wake alikuwa anaitwa mama wa nyumba.

Nyumba yenyewe Herman aliirithi kwa baba yake, mfanyakazi wa reli aliyeuogopa upepo wa ziwa kuliko alivyowaogopa wakubwa zake wa kazi. Mzee yule aliijenga chini, imechutama kama kuku anayeatamia. Dari alilipiga kwa mbao za masanduku, chini kiasi kwamba mtu mrefu akinyoosha mkono analigusa bila kusimama kwa vidole. Mlango ulikuwa wa kuinama na madirisha yalikuwa matundu tu ya kupitisha bakuli. Tangu alipoolewa Leonida alikuwa anawasha koroboi mchana kweupe ili achambue mchele. Miaka nenda miaka rudi alimwomba Herman wavunje ukuta wa mbele wafungue mlango wa maana na madirisha ya maana, na Herman, karani wa bandarini, mtu wa kesho na keshokutwa, akawa anasema kesho.

Hatimaye alikubali, akasema kuna fundi wa Kalinzi anasifiwa. Leonida alikuwa amekwisha kumsikia fundi huyo. Huko Rusimbi aliwahi kuingia nyumba moja ya chini kama yao, akashangaa ilivyo na mwanga na nafasi, na mwenye nyumba akamweleza siri yake. Pastory hapimi kwa futi kamba. Humsimamisha mama wa nyumba pale mlango utakapokuwa, na juu ya kichwa chake huongeza kiganja kimoja. Hapo ndipo linta, ubao wa juu ya mlango, inapolala. Kisha humkalisha kwenye mkeka, na pale macho yake yalipo, chini kidogo, ndipo dirisha linapoanzia, ili aone nje akiwa ameketi. Vichwa vya madirisha na kichwa cha mlango huviweka mstari mmoja. Ndani ya nyumba yenye dari la chini, alisema yule mama wa Rusimbi, hilo ndilo linaloamua utaishi kwenye nyumba au kwenye shimo.

Leonida akaondoka na jambo hilo moyoni kama msichana aliyeposwa. Usiku alikuwa anajiona amesimama pale mbele ya watu, fundi anaweka kiganja juu ya kichwa chake. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwenye nyumba iliyopimwa na baba mkwe. Hii ingepimwa kwa mwili wake. Kabla ya kwenda Kagunga akamwambia Herman maneno yaliyonyooka: fundi akija, abomoe, asafishe, lakini asipime kitu mpaka nirudi. Herman akasema sawa.

Sasa aliingia ndani na dagaa bado wako nje. Akasimama chini ya linta mpya, ubao mzito wa mninga, na kuinua mkono. Juu ya kichwa chake palikuwa na kiganja, na kiganja kingine, na kiganja kingine tena. Mlango ulikuwa umepanda mpaka karibu na dari, umebakiza mstari mmoja tu wa matofali. Ulikuwa mlango mzuri. Mwanga uliingia mpaka ukuta wa nyuma, na hilo lilimuuma zaidi.

Akakaa kwenye mkeka chini ya dirisha. Aliona mbingu. Aliona ncha za michikichi. Akanyoosha shingo, akaona ncha za michikichi zaidi kidogo.

"Diana," akaita, sauti yake laini kuliko ilivyopaswa kuwa. "Hebu njoo ukae hapa nilipo mimi."

Diana akaja, akakaa, akakunja miguu yake mirefu upande mmoja.

"Unaona nini?"

"Naona ziwa, mama," Diana akasema, na uso wake ukafunguka bila hila. "Naona hata boti zinaingia Kibirizi."

"Vizuri," Leonida akasema. Akaenda kuoga, akajimwagia maji mengi, na hakuna hata kata moja iliyopoza kilichokuwa kinaungua ndani. Wivu haukumjia kama hasira. Ulimjia kama njaa. Alikumbuka kila kitu kwa mpigo: Herman anavyosifu ugali wa Diana, kwamba hauna madonge, Herman aliyeanza kunyoa ndevu katikati ya wiki, Herman, ambaye kwa miaka yote hakuweza kupigilia msumari kwenye kiti, anatengeneza mlango wa kibanda cha uani. Yote hayo alikuwa ameyaona. Aliyaona akayapita, kama mtu anavyolipita jiwe barabarani, na sasa kila jiwe lilikuwa limerudi kumkwaza.

Herman alirudi kutoka bandarini jua linaelekea kuzama. Alifurahi kumwona mkewe, au alijitia kufurahi, Leonida hakuwa tena na uwezo wa kutofautisha. Akamwacha ale. Alipokwisha kunawa, akamuuliza.

"Baba Edson, fundi alimpima nani?"

Herman akaanza kutafuta kijiti cha kuchokonolea meno. "Fundi alikuwa na haraka. Kuna kazi nyingine inamsubiri Rusimbi. Wewe ulikawia, sasa Diana alikuwa karibu."

"Fundi anajua Diana ni mkeo."

"Alijisemea mwenyewe. Alimwona anatuletea chakula, akasema, mama njoo usimame hapa."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Sasa Mama Edson, ningembishia mtu saruji imekwisha kuchanganywa?"

Mtu mwingine angecheka. Leonida hakucheka. Alisimama, akachukua kipande cha mkaa jikoni, akamshika Herman mkono na kumwongoza chumbani, kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Akasimama nyuma yake.

"Usigeuke. Nionyeshe kimo changu ukutani."

"Mambo gani tena haya?"

"Umelala na mimi tangu ujana wako, nimekuzalia mtoto yuko Tabora anasoma. Weka mkono hapo kichwa changu kinapofika."

Herman akatazama ukuta kama anayetazama hesabu ngumu. Akaweka mkono, akaushusha, akaupandisha kidogo, akaushusha tena. Leonida akatia alama ya mkaa. Kisha akapita mbele yake, akasimama pale. Alama ilimgonga kwenye nyusi.

"Sasa kimo cha Diana."

Na mkono wa Herman ulipanda, ukatua. Haukutafuta. Ulikwenda kama mkono wa mtu anayezima taa ya chumba chake. Yeye mwenyewe aliuona, akaushusha haraka, lakini Leonida alikuwa amekwisha kutia alama.

"Diana!" akaita. "Niletee kanga yangu ile iliyoko hapo kwenye kamba."

Diana akaingia na kanga. Leonida alimwambia aitundike kwenye msumari ukutani, na Diana aliponyooka kuitundika, kitambaa chake cha kichwani kikagusa alama ya mkaa, hakikuzidi, hakikupungua. Akauliza kama kuna kingine. Leonida akasema hapana, kalale. Herman alikuwa ameketi kitandani anavitazama vidole vya miguu yake.

"Hakuna kitu, Mama Edson," akasema mlango ulipofungwa. "Nakuapia. Hakuna kitu."

"Sijasema kuna kitu," Leonida akasema. "Nimesema mimi unanijua mpaka kwenye nyusi."

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Leonida alitoka mapema, na njia yake ikampitisha kwa Mzee Yona, balozi wa nyumba zao. Siku zile jambo lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa moja: wakimbizi wanaoishi mitaani watolewe wapelekwe makambini. Redio ilisema, mikutano ilisema, na malori yalikwisha kuonekana upande wa Ujiji. Aliyekuwa na Mrundi uani alikuwa anamficha au anamtaja. Mzee Yona alikuwa nje anaswaki. Leonida akamsalimia, akasimama. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, jepesi, linajisukuma lenyewe. Kama angelisema, jioni isingemkuta Diana pale. Lakini mke wa Mzee Yona akatoka na beseni la vyombo, akaanza kumuuliza habari za Kagunga, bei ya dagaa, nani amekufa, na neno likarudi tumboni. Tusimvike taji. Hakunyamaza kwa wema. Alinyamaza kwa kuwa aliona aibu kusikika.

Akarudi na hasira yake nzima nzima, akamkuta Pastory amefika na mwiko wake.

"Fundi, linta hii ishuke," akasema. "Ishuke mpaka kwenye kichwa changu na kiganja kimoja. Na madirisha yashuke yaifuate."

Pastory alikuwa amekwisha kuelewa alichokifanya, na tangu jana alikuwa anatembea uani kwao kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Akavua kofia. "Mama, kosa ni langu, na kazi nitairudia bila kusema neno. Lakini nikuambie kama fundi. Dari hili lilivyo chini, linta ikipanda ndiyo macho yanadanganyika, nyumba inakuwa kama imenyanyuka. Nikiishusha mpaka hapo, juu ya mlango utabaki ukuta mtupu, giza litakaa hapo juu lisitoke. Nyumba itarudi kuwa pango."

"Iwe pango. Litakuwa pango langu."

"Madirisha peke yake tungeweza kuyashusha chini ukaona ziwa, na vichwa vyake tukaviacha. Mlango tuuache. Utapata mwanga na ziwa vyote viwili."

Hilo lilikuwa shauri zuri na Leonida alijua ni zuri. Nyumba yake ingekuwa ile ya Rusimbi na kuizidi. Lakini kila siku, asubuhi na jioni, angepita chini ya kichwa cha mwanamke mwingine. "Shusha," akasema.

Herman alikuwa anajifanya anarundika matofali yaliyopona. Diana alisimama kwenye mlango wa kibanda chake. Akaja taratibu, akasimama mbali kidogo na Leonida, mikono ameikunja mbele.

"Mama, mimi nilisimama kwa sababu niliambiwa nisimame."

"Najua," Leonida akasema, na hakumtazama.

Pastory alikuwa amekwisha kupanda juu ya sanduku na kugonga ubao mara ya kwanza, vumbi likamwagika, ndipo Mzee Yona alipoingia kwenye kiwanja. Hakuwa peke yake. Pamoja naye walikuwa mgambo wenye virungu na mwanamke mmoja wa makamo, suti ya kitenge, viatu vya kufunga, miwani, aliyezungumza kwa lafudhi ya Upareni. Alijitambulisha kuwa ni Bi Aikande, afisa wa wakimbizi, na akaamkia vizuri kila aliyestahili kuamkiwa. Chini barabarani lori lilikuwa limesimama, na kwenye lori walikuwamo watu na magodoro yao. Majirani wakaanza kujipanga kwenye uzio wa mabua, mmoja mmoja, kila mtu kana kwamba anapita tu.

"Tunapita nyumba kwa nyumba," Bi Aikande akasema. "Hapa tumesikia kuna mgeni wa kutoka ng'ambo."

Hakuna aliyehitaji kuuliza mgeni ni nani. Diana alikuwa amerudi nyuma mpaka akaingia mlangoni, na hapo akabaki, amesimama katikati ya ule mlango mpya, kichwa chake chini ya linta, kiganja kimoja.

"Huyu ni nani?" Bi Aikande akauliza.

Macho yote yakamwendea Herman, maana ndiye mwenye nyumba. Herman akakohoa. Akamtazama mkewe, akautazama uzio, akalitazama lori.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni kibarua tu. Anatusaidia kutwanga. Hata sijui vizuri ametokea wapi."

Leonida alikuwa ameshinda. Hakuhitaji hata kufungua mdomo. Alichokuwa nacho ulimini kwa Mzee Yona kilikuwa kimekuja chenyewe kwa miguu na lori lake, na kazi yake ilikuwa kunyamaza tu mpaka vumbi la lori litue. Angepata nyumba yake, mlango wake, mume wake. Alimwona Diana ameinamisha uso, hasihi mtu, vilevile alivyokuwa ufukweni Kagunga siku ile, na moyo wake haukulainika hata kidogo. Msidhani ulilainika. Kilichompanda ni kingine. Kibarua! Mkono ulioruka peke yake kule chumbani ukakijua kile kichwa mpaka kwenye kitambaa, mbele ya watu unasema kibarua. Kama anaweza kumkana huyu hivi, kwa wepesi huu, basi mimi je, siku yangu ikifika? Hasira kwa Herman ilikuwa kubwa kuliko wivu kwa Diana, na ilimtoka kabla hajaipima.

"Mwongo huyo!" akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye uzio. "Kibarua gani? Huyo ni mkewe. Ni mke mwenzangu."

Mgambo mmoja akacheka puani. Mzee Yona, aliyewajua tangu zamani, akamgeukia Leonida kwa mshangao.

Bi Aikande akavua miwani. "Mama, mimi nimefanya kazi na watu muda mrefu. Sijamwona mwanamke anayemtangaza mke mwenzake kwa hiari yake. Nikikuuliza ushahidi utanipa nini?"

"Muulize fundi mlango huu amempima nani."

Pastory alikuwa bado juu ya sanduku, nyundo mkononi. Akashuka. Alimtazama Leonida, na Leonida akamkazia macho.

"Mimi, afisa, kazi yangu napima kichwa cha mke wa nyumba," akasema polepole. "Ndivyo baba yangu alivyonifundisha, na ukiuliza Kalinzi nzima watakuambia. Nilipofika hapa, mke niliyeonyeshwa ni huyu mrefu. Nikamsimamisha hapo hapo alipo sasa. Mume alikuwapo, hakunipinga."

Bi Aikande akaenda mpaka mlangoni. Akaweka kiganja chake kati ya kichwa cha Diana na linta, kikaingia sawasawa. Akamgeukia Leonida. "Na wewe mama mkubwa, njoo usimame hapa."

Leonida akaenda. Akasimama kando ya Diana, mabega yao yakagusana, na kila mtu kwenye uzio akaona ilivyokuwa: mlango mmoja, mwanamke aliyeujaza na mwanamke aliyepotelea humo. Mtu akaguna. Mtu mwingine akaziba mdomo kwa kanga.

"Wewe kwa nini hukupimwa?"

"Nilikuwa safarini," Leonida akasema. "Ndivyo wanavyofanya ukisafiri."

Uzio mzima ukacheka. Alihisi masikio yanawaka moto, na akasimama vilevile, kidevu juu, kwa kuwa kama angeshusha macho uongo wote ungeanguka naye. Bi Aikande hakucheka. Akamgeukia Herman.

"Baba, huyu bibi anasema kweli?"

Leonida alimtazama mumewe. Alitaka kumwona anatapatapa. Alitaka jasho, alitaka ababaike, aseme ndiyo kama mtu anayemeza kwinini, ili wote wawili wajue kuwa ni uongo wa kumwokoa mtu na hakuna zaidi. Herman akanyoosha mabega. Mkunjo aliokuwa nao usoni tangu jana ukafunguka wote.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa sijui nitamwambiaje Mama Edson. Kumbe anajua."

Bi Aikande akavaa miwani yake. "Mke wa mtu simtoi nyumbani kwa mumewe," akasema. "Lakini hapa nitapita tena, na nitakachokikuta ndicho nitakachokiamini. Mzee Yona, umesikia." Mzee Yona akasema amesikia. Wakatoka, mgambo nyuma, na punde lori likaguruma chini barabarani. Ndipo mwanamke mmoja kule uzioni, mwenye roho ya kupenda sherehe au mwenye roho mbaya tu, akapiga kigelegele. Mwingine akamwitikia.

Pastory alikuwa ameishika nyundo kama mtu aliyesahau ni ya nini. "Mama," akasema, "sasa hii linta?"

"Iache hapo hapo ilipo, fundi," Herman akasema. Aliwahi kujibu kabla ya mkewe. Sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu anacheka, sauti ya mtu aliyepewa kitu ambacho asingethubutu kukiomba. Akapita kati yao, akaingia ndani, akapapasa ule ubao wa mninga kwa kiganja.

Leonida alibaki mlangoni, bega kwa bega na Diana. Alikuwa amesema uongo. Alikuwa na hakika kwamba ni uongo alipousema, na hakika hiyo ndiyo iliyomtia nguvu ya kuusema.

"Wamekwisha kuondoka," akamwambia Diana kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayekupeleka popote. Niambie tu. Nimesema uongo, au nimesema kweli?"

Diana akafungua mdomo. Lakini kabla ya kujibu, alimtazama kwanza Herman.